Usimchape Kabla ya Kumpima Masikio
Mama mmoja alimleta kwangu mwanawe wa miaka 7. “Daktari, huyu ni mkaidi. Nikimwita haitiki.” Nilisimama nyuma ya mtoto nikamnong'oneza jina lake. Hakugeuka. Masikio yote mawili yalikuwa na usaha, na ngoma zake zimetoboka.

Mpendwa mzazi, mtoto anayeongeza sauti ya redio, au anayesogelea televisheni mno, huenda si mtukutu: huenda hasikii au haoni vyema. Mpeleke apimwe. Sikio likitoa usaha, usitie mafuta wala kijiti. Likaushe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, kisha umwone daktari. Usaha ukidumu wiki 2, ugonjwa umekuwa sugu.

Mama yule alitoka akifuta machozi. Alikuwa amemchapa mtoto mara nyingi kwa kosa lisilo lake.