Kile Kichuma Kilichobaki Mezani: Gia za Zamani na Leva za Kujitengenezea Kwenye Hoti Rodi

Kuna mdau aliniuliza, hivi hoti rodi ni kitu gani, na kwanini wenye nazo wanahangaika na gia za enzi za babu zao wakati otomatiki zimejaa kila kona? Nikamuahidi nitajibu. Nimechelewa kidogo, sio kwa uvivu. Nilipoanza kusoma nikakuta jibu linanihusu na mimi, linahusu pikapu ya mzee mmoja wa kwetu Mombo na mkono wa mshikaji wangu. Nitafika huko, msiwe na haraka. Tuanze na gari.

Hoti rodi ni gari la zamani la Kimarekani, hasa Ford za miaka ya 1920 na 1930, ambalo vijana walilivua kila kisichohitajika (madigadi, boneti, wakati mwingine hata paa) wakaipa injini nguvu zaidi, wakaenda kushindana. California ndiko kwenyewe. Kule kuna maziwa yaliyokauka, ardhi tambarare kama sakafu, kama Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 vilabu vya huko viliungana vikaunda chama cha SCTA cha kupima spidi kwa utaratibu. Vita vilipoisha 1945 wanajeshi wengi walirudi wakiwa na ujuzi wa ufundi na hela kidogo mfukoni, mchezo ukalipuka. Jarida la Hot Rod likatoka Januari 1948, na mwaka 1949 wakaanza kukimbiza kwenye chumvi ya Bonneville kule Utah.

Sasa gia. Watu wakiongelea gari la spidi wanaongelea injini tu, lakini injini bila gia ni kelele.

Ford Model T iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya gari milioni 15, ukimpa dereva wa leo nadhani hatoki hata getini. Ina pedali tatu ila sio zile unazozijua. Ya kushoto ukiikandamiza mpaka chini ni gia ndogo, ukiiachia nusu ni frii, ukiiachia yote ni gia kubwa. Ya katikati ni rivasi. Ya kulia ndio breki. Mafuta unaongeza kwa mkono, kwa kijileva kilicho chini ya usukani. Gia za mbele ni mbili tu basi.

Model A ya 1928 mpaka 1931 ikaleta gia tatu na leva ya sakafuni, mpangilio wa herufi H. Shida yake meno ya gia yalikuwa yamekatwa wima na yanaingia moja kwa moja kwenye mengine, hakuna cha kuyasawazisha spidi. Ukikosea yanalia krrrrr mpaka wapita njia wanageuka. Ndio maana madereva walikuwa wanapiga dabo klachi: unakanyaga klachi, unatoa gia kwenda frii, unaachia klachi, unakanyaga tena, ndio unaingiza. Ukiwa unashuka gia, pale kwenye frii unaongeza mafuta kidogo ili shafti ya ndani izunguke haraka ikutane na spidi ya magurudumu. Wazee waliowahi kuendesha malori ya zamani hapa kwetu wanaijua hii kama jina lao.

Kilichookoa watu ni sinkronaiza, ambayo Cadillac waliileta 1928. Kwa lugha ya gereji ni ringi yenye umbo la koni. Kabla meno hayajakutana, ringi inaikwaruza gia kwanza, inaipunguza au kuiongeza spidi mpaka vyote vinazunguka sawa, halafu meno yanaingia kimyakimya. Ford V8 ya 1932 (injini ya nguvu farasi 65, ile iliyowapagawisha vijana) ilikuwa nayo kwenye gia ya pili na ya tatu. Ya kwanza haina, kwahiyo kuingiza moja lazima usimame au upige dabo klachi.

Kati ya hizo zote, gia boksi ya Ford ya 1939 ndiyo iliyopendwa kupita kiasi. Sababu ni mbili. Sinkronaiza zake zilikuwa bora kuliko za miaka ya nyuma, na leva inasimama juu ya boksi lenyewe. Mkono wako uko karibu kabisa na fimbo zinazosukuma gia, hakuna vyuma vya kuzunguka zunguka. Wajanja walikuwa wanafungua boksi hilo na kuweka gia za Lincoln Zephyr ndani yake, ambazo uwiano wake ulikuwa umekaribiana zaidi, ili wakibadilisha injini isidondoke nguvu sana. Ila halikuwa boksi la kuvumilia kila kitu. Vijana walipoanza kufunga V8 mpya za Chevrolet za 1955 kwa kutumia bamba la kuunganishia, meno ya Ford yalikuwa yanavunjika kama biskuti. Wengine wakahamia boksi la LaSalle la mwishoni mwa miaka ya 1930, chuma cha maana, zito, linavumilia. Na hapa ndipo leva za kujitengenezea zinapoingia.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 viwanda vya Marekani vilianza kuhamisha leva kutoka sakafuni kwenda kwenye usukani. Ford walihamisha 1940. Wamarekani wakaipa jina la utani, "tatu mtini". Hata sisi tumeiona: Peugeot 404, ile iliyoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, gia zake zilikuwa kwenye usukani. Faida ni kwamba watatu wanakaa siti ya mbele bila leva kuwachoma magoti. Hasara ni safari ya vyuma. Ukisukuma leva juu, mwendo unashuka na bomba la usukani, unapita vijimkono, unapita fimbo mbili ndefu, ndio unafika kwenye vileva viwili ubavuni mwa gia boksi. Kileva kimoja ni cha moja na rivasi. Cha pili ni cha mbili na tatu. Kila kiungo kina bushi, kila bushi inalika, na zikilika zote kwa pamoja gia inanasa. Dereva anashuka, anafungua boneti, anavirudisha vileva vyote kwenye frii kwa mkono, anapanda tena. Nimeyafanya hayo mara nyingi sana, sijasimuliwa.

Kijana wa hoti rodi mwenye boksi la ubavuni alikuwa anataka leva ya sakafuni, ya haraka. Dukani baadaye zikaja. George Hurst alianza kutengeneza leva zake mwishoni mwa miaka ya 1950, na Pontiac GTO ya 1964 ilitoka kiwandani ikiwa na leva ya Hurst. Kabla ya hapo, na kwa asiye na hela hata baada ya hapo, ni kukata vyuma, kuchomelea na kuomba Mungu.

Kazi yenyewe inaonekana ndogo. Bamba la chuma unalifunga kwenye gia boksi (sio kwenye sakafu ya gari, maana injini inatikisika na bodi inatikisika kivyake, gia zitakuwa zinachomoka). Juu ya bamba unaweka ekseli ndogo ya leva kuchezea. Fimbo mbili zenye viungo vya mpira kama vya tairodi zinaenda kwenye vile vileva viwili. Leva inaegemea kushoto inashika fimbo ya moja na rivasi, inaegemea kulia inashika ya mbili na tatu.

Hesabu yake ni ya darasa la fizikia form two, ile mada ya wenzo niliyokuwa naisinzia. Tuseme leva ina sentimita 30 juu ya ekseli na sentimita 5 chini. Uwiano ni 6 kwa 1. Kama kileva cha boksi kinahitaji kusogea sentimita 2.5, mkono wako utasafiri sentimita 15. Unataka fupi? Refusha chini iwe 7.5, uwiano unakuwa 4 kwa 1, mkono unasafiri sentimita 10 tu. Lakini sasa unatumia nguvu mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Hakuna cha bure. Kuhusu kulipinda leva lisigonge siti, hilo halina tatizo, lipinde hata kama ndoano. Kinachohesabika ni umbali wa moja kwa moja kutoka ekseli mpaka kwenye kirungu.

Na virungu ndio burudani! Kuna wanaoweka mpira wa pool namba 8, wengine pistoni ya zamani, wengine mpini wa bomba la bia la baa.

Vitu viwili fundi wa mtaani anavisahau. Cha kwanza ni stopa, bolti zinazoizuia leva isipite mwisho wake. Bila stopa, dereva mwenye mzuka anasukuma mpaka uma wa ndani unapinda. Leva nzuri za dukani zina bolti za kurekebisha kwa kazi hiyo hiyo. Cha pili ndicho kilichonifanya niandike.

Babu mmoja pale kwetu ana pikapu ya zamani, gia tatu za usukani. Ndio mkate wa wajukuu zake sita. Bushi zilikuwa zimeisha, hazipatikani, gia inanasa kila siku. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, matokeo yamekuja vile yalivyokuja, nikawa spana boi kwenye gereji ya chini ya mwembe. Fundi akasema tumhamishie babu leva sakafuni. Nondo ya milimita 12, bamba, bawaba ya mlango, weldingi. Sio siri, nilijivunia ile kazi. Ila tulipofungua kifuniko cha ubavuni tubadilishe gasketi, na kukirudisha, kikabaki kipini cha chuma kidogo kama kidole cha mtoto.

"Fundi, hiki kimebaki."

"Dogo, hakuna gari linafungwa bila kitu kubaki. Weka kwenye kopo."

Nikaweka kwenye kopo.

Siku ya tisa babu alikuwa anapandisha mlima wa kwenda Soni na saruji nyuma. Mshikaji wangu amekaa juu ya mifuko. Gari likalemewa, babu akatoa mbili kwenda moja. Mbili haikutoka yote, moja ikaingia. Gari likasimama papo hapo kama limegonga ukuta. Babu akakanyaga klachi, haikusaidia kitu, kwa sababu klachi inatenganisha injini na boksi, na hapa boksi lenyewe lilikuwa limejifunga: gia mbili zenye spidi tofauti zimeshika shafti moja, haiwezi kuzunguka kokote. Mshikaji akarushwa mpaka kwenye lami na mfuko wa saruji ukamfuata. Mkono ukavunjika sehemu mbili.

Sasa nikiwa kafe, nasoma jinsi Wamarekani wanavyofunga leva za sakafuni kwenye maboksi ya ubavuni, nikakutana na mchoro wa kifuniko. Kati ya shafti za vile vileva viwili kuna kipini, kwenye mengine ni gololi. Kileva kimoja kikitoka frii, kinakisukuma kipini kiingie kwenye kijishimo cha kileva cha pili na kukifunga kabisa. Hakiruhusiwi kusogea mpaka mwenzake arudi frii. Kazi yake ni hiyo moja tu, gia mbili zisiingie pamoja. Nilikitazama ule mchoro mpaka dakika zangu zikaisha, mwenye kafe akanigongea bega.

Nilirudi gereji nikamwaga lile kopo lote chini. Kilikuwepo, kati ya nati na mapanki ya grisi.

Nikampelekea babu. "Shikamoo babu, hiki ndicho kilichofunga gari." Akakigeuzageuza muda mrefu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ulikiona siku ile?" Nikamwambia nilikiona. Hakuniambia neno zaidi, akanirudishia mkononi akasema kesho asubuhi nije na spana.

Tulifungua kifuniko na fundi mwingine, kipini kikakaa mahali pake bila hata kugonga. Leva ya nondo tuliitoa. Babu amerudi kwenye gia za usukani, bushi tumezichonga kwa mti wa mpingo na zinashika mpaka leo, ila hatujui zitachukua miezi mingapi. Mshikaji mkono umeunga, kiwiko hakinyooki sawasawa. Amekaa kompyuta ya pembeni hapa anasoma ninavyoandika na anasema nimemsahau yule aliyembeba mpaka hospitali. Haya, dereva wa fuso, asante sana kaka.

Kwa mdau aliyeuliza: siku hizi wengi wenye hoti rodi wanafunga boksi la T5 la gia tano, lililoanza miaka ya 1980, lina sinkronaiza kwenye gia zote za mbele na leva yake inatoka juu. Wanaobaki na la 1939 wanasema wanataka kuisikia gia inaingia. Mi nawaelewa.

Kama kuna mdau anajua gereji inayochonga bushi za gia za usukani kwa shaba, Tanga, Korogwe au hata Moshi, aweke kwenye maoni hapo chini. Na bei, tafadhali.