Kurisiti kidato cha nne: masomo mangapi yanatosha?

Kijana wa Amani, huku milimani Muheza, akitoka kidato cha nne na F nyingi, kila mtu humwambia arudie masomo yote. Nia ni njema, lakini mlipaji mara nyingi ni mzazi anayetegemea iliki na mdalasini. Kabla mzazi hajatoa senti, yeye na kijana waulizane: kijana anataka kuingia wapi, na huko wanadai masomo gani?

Ada ya mtihani
Kwa miaka ya karibuni Baraza la Mitihani (NECTA) limemtoza mtahiniwa wa kujitegemea Sh 50,000 akijisajili Januari au Februari, na Sh 65,000 akichelewa hadi Machi. Ada hulipwa kwa kichwa, si kwa somo, ndiyo maana wengi hujaza masomo saba: si wameshalipa? Mzigo wenyewe uko kwenye twisheni.

Twisheni
Tuseme kituo cha Muheza kinatoza Sh 20,000 kwa somo kwa mwezi, na kijana anasoma Februari hadi Oktoba. Somo moja litakula Sh 180,000. Masomo mawili ni Sh 360,000, manne Sh 720,000, na saba Sh 1,260,000. Weka bei ya kituo chako, kisha ongeza nauli ya kushuka mlimani au kodi ya chumba. Mwenye masomo mawili anaweza kushuka Jumamosi tu. Mwenye saba atalazimika kuhamia mjini.

Somo moja au mawili
Yanamfaa anayetaka kidato cha tano. Sharti ni A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, ukiacha ya dini. Mwenye C ya Biolojia, C ya Jiografia na D ya Kemia anahitaji kuipandisha Kemia tu ili apate tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Akiongeza somo la akiba, liwe lile alilokaribia kupata C.

Matatu au manne
Hapa yumo anayetaka stashahada ya utabibu au uuguzi. Vyuo hudai angalau D nne nje ya masomo ya dini, zikiwemo za Kemia, Biolojia na Fizikia. Mwenye D ya Kiswahili aliyefeli sayansi zote arudie hizo tatu. Lakini zina karatasi ya vitendo: katika Kemia, kwa mfano, mtahiniwa atapima ujazo kwa bureti na kuandika anachokiona. Kituo kisicho na maabara, hata kikiwa nusu bei, kitamrudisha nyumbani na F ileile. Rahisi ghali.

Saba
Yanamfaa aliyetoka karibu mikono mitupu, au anayetaka cheti kipya chenye daraja, kwa kuwa daraja hukokotolewa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Achague hivi ikiwa tu ana mwaka mzima wa kusoma bila kibarua.

Uliza kwanza
Kabla ya kujisajili, uliza shule au chuo unachokilenga kama kinapokea vyeti viwili vya miaka tofauti. Kikikataa, hesabu ya somo moja inavunjika.

Pendekezo
Mwenye ufaulu fulani mkononi achukue masomo mawili au matatu, ayasome kwa kina. Fedha iliyookolewa iende kwenye vipindi vya maabara na mitihani ya majaribio, maana chuo hakimpokei mtu kwa wingi wa masomo aliyofanya, kinampokea kwa yale aliyofaulu.