Wasomi wa Tamthilia Waje Makongolosi

Mzazi wa Makongolosi akiarifiwa kwamba mwanawe amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea sanaa za maonyesho, swali lake la kwanza huwa ni moja tu: atakula nini? Swali hilo si la ujinga, wala halistahili kudharauliwa na wasomi. Katika mji huu wa Wilaya ya Chunya, ulioko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mbeya mjini, thamani ya kazi hupimwa kwa gramu. Watu wamekuwa wakitafuta dhahabu katika nchi ya Mto Lupa tangu miaka ya 1920, na hata leo kijana anayeshuka ndani ya duara alfajiri hujua kabla ya siku nyingi kupita kama amepata au amekosa. Mwenye shahada ya kuigiza atamwonyesha nini kijana huyo?

Sisi tunaamini kwamba lipo la kumwonyesha, na kwamba viongozi wa serikali, wa Bara na wa Visiwani, wanao wajibu wa kuhakikisha kuwa linaonyeshwa.

Elimu ya tamthilia katika nchi yetu haikuanza jana. Idara ya Sanaa za Maonyesho iliundwa Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, wakati chuo kile kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitupa Kinjeketile, na mwaka 1972 Penina Muhando akachapisha Hatia. Farouk Topan, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha fasihi ya Kiswahili chuoni hapo, aliandika Mfalme Juha na Aliyeonja Pepo. Na Said Ahmed Mohamed wa Pemba akaja kutoa Pungwa na Kivuli Kinaishi. Nyanda za Juu nazo hazikusahauliwa. Habari za Mkwawa ziliandikiwa tamthilia, Mukwava wa Uhehe, iliyochapishwa mwaka 1979, na mwandishi wake, Mugyabuso Mulokozi, anatoka Kagera. Hatudhani kama yuko Mhehe aliyenung'unika kwa hilo.

Vitabu hivyo ni hazina. Lakini yafaa tuulize vimetumiwaje. Katika shule zetu nyingi, tamthilia imekuwa kitu cha kusomwa kimya na kujibiwa mtihani. Mwanafunzi hueleza wahusika, dhamira na matumizi ya lugha, akapata alama zake, akaondoka bila kusimama hata mara moja mbele ya watu na kuyatamka maneno aliyoandikiwa mwigizaji. Somo la sanaa za maonyesho lenyewe hufundishwa katika shule chache. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea ubaoni, jambo ambalo wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watalielewa upesi kuliko sisi tunaoishi mbali na bahari.

Aidha, lipo kosa la pili, nalo ni la viongozi zaidi kuliko la walimu. Baada ya Azimio la Arusha, ngonjera zilienea nchi nzima. Mathias Mnyampala aliziandika kwa ustadi, na chama cha UKUTA kikazisambaza. Ngonjera ni majibizano ya kishairi: mmoja haelewi jambo, mwenziwe analielewa, wanajadiliana. Kwa wakati ule zilifanya kazi kubwa, maana mtu asiyejua kusoma aliweza kuisikia siasa ya nchi yake kwa mdundo aliouzoea. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, mwisho wa kila ngonjera ukawa unajulikana kabla haijaanza: asiyeelewa ataelewa, atakubali, na wote watapiga makofi. Ikawa kila afikapo mgeni rasmi watoto hupangwa mstari juani, wakamwambia yale anayoyajua tayari. Sanaa ikabaki na midomo, ikapoteza masikio.

Walimu wa chuo kikuu waliliona jambo hilo mapema. Katika miaka ya 1982 na 1983, Penina Muhando, ambaye sasa anajulikana kwa jina la Profesa Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda Malya, katika Mkoa wa Mwanza, bila tamthilia yoyote mkononi. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Walianza kwa kukaa na watu na kuwauliza ni jambo gani linalowasumbua. Jambo lililojitokeza halikuwa la kupendeza kutajwa hadharani, maana lilikuwa mimba za wasichana wadogo. Wanakijiji wenyewe ndio waliolichambua, wakalitungia maigizo kwa kutumia ngoma na nyimbo za kwao za Kisukuma, wakaliigiza mbele ya majirani zao, kisha mjadala ukafunguliwa hapo hapo. Mtu anayehubiriwa huweza kuinamisha kichwa akaondoka. Mtu aliyeona kosa lake likichezwa na jirani yake, na watu wakacheka, hulazimika kusema neno.

Njia hiyo ilipelekwa baadaye Msoga, katika Wilaya ya Bagamoyo, na kwingineko. Mwaka 1996 walimu hao wawili walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambao wasichana waliutumia kueleza kwa maigizo yale yanayowakwamisha katika masomo. Mpango huo ulivuka mipaka ya nchi na kufika katika mataifa mengine ya Afrika. Hapa ndipo tunapopata jibu la kumpa yule mzazi. Mwanafunzi aliyepita katika kazi ya namna hii hajifunzi kupaza sauti tu. Hujifunza kukaa na wageni na kuwasikiliza, kutenganisha chanzo cha tatizo na dalili zake, kuongoza kikundi cha watu wasioelewana, na kuyapanga maneno ili yasikike na mtu wa mwisho uwanjani. Halmashauri gani haina haja na mtu kama huyo?

Tusijidanganye, lakini, kwamba kazi hii haina hatari. Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi waliigiza tamthilia ya Kikikuyu iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Kibali cha maonyesho kilifutwa baada ya wiki chache, Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka huo bila kufikishwa mahakamani, na mwaka 1982 uwanja wa maonyesho waliojijengea wanakijiji ukabomolewa. Tunaukumbusha mkasa huo kwa sababu afisa yeyote anayeruhusu wananchi waigize maisha yao wenyewe hana budi kukubali kwamba huenda na yeye akaigizwa. Asiyeliweza hilo ni heri aendelee kuagiza ngonjera.

Turudi Makongolosi. Hapa wamekutana Wakimbu wenyeji wa nchi hii, Wasafwa na Wanyakyusa waliotoka milimani, Wasukuma waliokuja na mifugo yao, na vijana wa kila kabila waliovutwa na fununu ya mwamba mpya. Kila mmoja amekuja na ngoma yake na utani wake. Mtunzi wa tamthilia angeshindwa na wingi wa mali, si uhaba. Na mambo ya kuigiza yapo. Mchimbaji mdogo huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu, halafu huichoma ile zebaki ili ibaki dhahabu. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Hudhuru ubongo na figo, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni mwa mama anayepika kando ya moto huo. Mabango yamebandikwa, semina zimeendeshwa, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umewekwa ili kupunguza matumizi ya zebaki duniani, na bado zebaki inachomwa. Je, ni kwa kutojua? Wengi wanajua. Huchoma kwa sababu mnunuzi anasubiri, mwenye duara anataka mgawo wake, na deni la chakula limefika shingoni. Bango haliwezi kuubeba mnyororo huo wa watu. Jukwaa linaweza, maana mwenye duara, mnunuzi, mpishi na mchimbaji wote watasimama juu yake kwa wakati mmoja, na kila mmoja atasema lake.

Kwa upande wa Visiwani, akina mama wa Paje na Jambiani wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanajua vizuri maana ya bei inayopangwa na mtu wasiyemwona na bahari inayozidi joto mwaka hadi mwaka. Mlima mwani na mchenjuaji wa Makongolosi hawajaonana. Tunathubutu kusema kwamba wakitazama maigizo ya wenzao wataelewana bila mkalimani. Kwa nini basi mwanafunzi wa Zanzibar asiletwe Chunya kwa mafunzo yake ya vitendo, na wa Mbeya akapelekwa Kusini Unguja?

Wizara zinazohusika na elimu na utamaduni, pande zote mbili za Muungano, hazihitaji kuunda chuo kipya. Idara ya Dar es Salaam ipo. Bagamoyo ipo pia: chuo cha sanaa kilifunguliwa huko mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kinachotakiwa ni nauli, posho ya kujikimu kwa wiki kadhaa, na barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri inayosema wazi kwamba vijana hawa hawakuletwa kumsifu mtu. Wiki moja haitoshi. Wiki ya kwanza watu watawaambia wageni yale wanayodhani wageni wanapenda kuyasikia, na ukweli utaanza kuja katika wiki ya tatu, pengine kwenye mgahawa.

Waje wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Kuhusu jukwaa wasisumbuke. Uwanja wowote ulio wazi karibu na soko utatosha, ila maonyesho yaanze jioni baada ya makarasha ya kusagia mawe kuzimwa, maana yakiwa yananguruma hakuna mwigizaji, hata awe amefuzu vipi, ambaye sauti yake itasikika.