Chomeka Waya, Wacha Kurekodi Hewa

Mtaani kuna wachapaji kinanda wakali sana, na kazi yao hupotea kila Jumapili ibada ikiisha. Ingia kanisa yoyote ya mabati pale Kayole, Dandora ama Kariobangi, utapata morio mdogo ameshikilia ibada masaa tatu bila karatasi. Mwimbaji akipanda, yeye anapanda. Pasta akianza kuomba, anashusha pedi polepole mpaka kanisa inatulia. Ikifika sebene, mkono wa kushoto unatembeza besi, wa kulia unajibizana na ngoma. Alafu watu wanasema amina, spika zinazimwa, na hiyo kazi yote imeenda. Kenye hubaki ni kavideo ka simu kamechukuliwa kutoka viti za nyuma: feni, mtoi analia, mathe anaimba karibu na simu, na kinanda huko mbali bila besi. Hako ndio morio hutumia prodyusa, na prodyusa hata hamalizi kuskiza.

Hiyo kitu huniuma, juu dawa yake ni waya. Kinanda iko, lapi ya Ex-UK iko kwa keja, talanta iko. Wasee hawajaonyeshwa tu venye sauti inaweza toka kwa kinanda ikaingia kwa kompyuta bila kupitia hewani.

Cheki, kinanda dijitali haina nyuzi ndani. Sauti yake huzaliwa ikiwa stima. Spika ndio huigeuza hewa, alafu maiki ya simu inaigeuza stima tena, na hapo katikati ndio mambo huharibika. Spika za kinanda ndogo hazina nguvu ya besi. Maiki ya simu imeundwa kwa ajili ya kubonga, so inadharau sauti za chini, na simu yenyewe inajipandisha na kujishusha kila ukichapa kwa nguvu. Ukichomeka waya, unadaka ile stima vile imezaliwa.

Na usiniambie kinanda yako ni ya bei ya chini. Mwaka wa 1981 Casio walitoa kakinanda ka plastiki kenye kaliitwa Casiotone MT-40. Biti zake za ndani zilitengenezwa na dem wa Japani, Hiroko Okuda, na moja waliipea jina la rock. Hako kakinanda kalifika Kingston, Jamaika, mikononi mwa Noel Davey na Wayne Smith. Wakakabeba hadi kwa prodyusa King Jammy, biti ikapunguzwa spidi, na 1985 ikatoka "Under Mi Sleng Teng". Rege nyingi ikageuka dijitali baada ya hapo, na wasanii wengi wameimbia hiyo ridimu hadi leo. Ukiwa umepanda nganya za Eastlands, umeiskia, hata kama hujui jina. Wasee wa ngoma za Arbantone wakifufua maridimu za kitambo, wanatembea kwa barabara yenye ilifunguliwa na kinanda ya plastiki, biti ya kiwandani, na watu walijua kuirekodi.

Sasa twende kwa waya. Geuza kinanda, angalia mgongo. Kuna shimo ya hedfoni, saa zingine inaitwa pia autput. Kwa kinanda nyingi ndogo ni hiyo pekee iko. Kubwa kidogo ziko na mashimo mbili, kushoto na kulia, na ile ya kushoto imeandikwa L/Mono. Shimo nyingi za nyuma ni zile nene za milimita 6.35, na ya lapi ni ile nyembamba ya 3.5. Panda mat hadi tao, ingia Luthuli Avenue, ambia msee wa duka ukubwa wa pini zote mbili, na umwambie unadai stirio. Pini ya stirio iko na mistari mbili nyeusi. Ya mono iko na moja, na hiyo itakuachia sauti upande mmoja.

Shimo ya hedfoni iko na baraka yake: ukichomeka, spika za kinanda zinanyamaza. Kwa wasee wanaishi ploti za Pipeline, penye ukikohoa jirani anakuambia pole, hiyo inamaanisha unaweza rekodi saa nane usiku na keateka asikubishie mlango.

Upande wa kompyuta ndio wengi hukwama. Desktop ya kitambo iko na shimo tatu nyuma, na ile ya bluu ndio lain-in, imetengenezewa hii kazi kabisa. Ya pinki ni ya maiki. Lapi za siku hizi ziko na shimo moja tu, ya hedfoni na maiki pamoja, na maiki ya hapo ni mono. Inangoja sauti ndogo sana ya mdomo, wewe unaipea sauti kubwa ya kinanda, lazima itapasuka. Tena Windows ikidhani unabonga, inawasha kile kitu cha kuondoa kelele, na hiyo akili ya kompyuta ikiskia pedi imeshikiliwa sekunde kumi, inasema hii ni kelele, inaifuta. Kama unalazimika kupitia hapo, ingia kwa setingi za sauti, zima kila kitu cha kusafisha sauti, shusha ile busti ya maiki hadi sifuri, na ushushe volumu ya kinanda hata chini ya nusu.

Mimi ningekushauri utafute intafesi, yaani kidude cha kuingiza sauti kwa kompyuta, hata ile ndogo kabisa ya USB. Behringer UCA222 ni kadude kadogo kanatoshea kwa kiganja, haina maiki, haina mapambo, upande wa kuingiza sauti iko na lain-in ya stirio tu, na mchapa kinanda anahitaji hiyo tu. Ukiwa na doh zaidi, Focusrite Scarlett yenye mashimo mbili itakusaidia pia siku ya kurekodi sauti ya mtu. Lakini usingoje hiyo siku. Nimeona wasee wakikaa mwaka mzima wanangoja Scarlett na manota zinapotea kila wiki.

Ukishapata intafesi, kuna mtego mmoja unawaumiza wengi. Ukitoa waya ya stirio kwa hedfoni ukaichomeka kwa shimo moja ya intafesi, ile yenye imeundwa kwa balansi, intafesi inachukua kushoto inatoa kulia. Kila kitu yenye ilikuwa katikati, hasa besi na kick, inajifuta. Kinanda inabaki nyembamba, ina mwangwi, na unaanza kudhani imekufa. Haijakufa. Nunua waya ya Y: pini moja ya stirio inaingia kwa kinanda, pini mbili za mono zinaingia kwa intafesi, ya kwanza na ya pili. Kwa programu, sukuma moja kushoto kabisa na ingine kulia kabisa. Kama kinanda iko na L/Mono na unadai mono tu, chomeka hapo pekee, kinanda yenyewe itajumlisha pande zote.

Alafu kuna ile mngurumo. Umechomeka kila kitu, hujagusa nota, na unaskia uuuu ya chini haiishi. Stima ya Kenya hucheza mara 50 kwa sekunde, na hiyo ndio unaskia, pamoja na ndugu zake za 100 na 150. Mara nyingi inatokea juu chaja ya lapi na chaja ya kinanda zimekutana kupitia ile waya ya sauti, zikatengeneza duara. Kwanza, toa chaja ya lapi, rekodi na betri. Ikinyamaza, umemjua mwizi. Weka vitu zote kwa ekstensheni moja, ama nunua kile kibox cha kutenganisha, kiko na transfoma ndogo ndani, kinakaa katikati ya waya. Kinanda nyingi za Yamaha na Casio pia hula mawe, na ukirekodi nayo iko kwa mawe, mngurumo unaisha na stima ikipotea hupotezi kazi. Kenye nakuomba usifanye ni kuvunja ile pini ya juu ya plagi, ama kuitoa waya ya ardhini. Wasee hufanya hivyo, na ni kweli kelele huisha, lakini hiyo waya iko hapo ndio usipigwe shoti. Hakuna ngoma inalipa hiyo bei.

Levo. Chapa ile sehemu yako ya nguvu zaidi, si ya kuamsha vidole. Mita icheze kati ya minus 12 na minus 6. Ikigusa sifuri imepasuka, na sauti ya dijitali ikipasuka hairudi. Rekodi kwa biti 24 kama intafesi inakubali, juu hapo hata ukirekodi chini bado iko safi. Spidi ya 44,100 ama 48,000 zote ni fiti, chagua moja usibadilishe katikati ya ngoma. Kwa programu sitakaa sana: Audacity ni ya bure na imekuwa kwa mashine za watu tangu 2000, ukiwa na Mac uko na GarageBand tayari, na ukiwa na FL Studio unajua njia.

Kuna waya ingine watu huikosea. Ni ile ya USB yenye mdomo wa mraba, ile ya printa. Msee anachomeka, anabonyeza rekodi, anachapa, anaskiza: kimya. Kwa kinanda nyingi hiyo USB inabeba MIDI, na MIDI haibebi sauti. Inabeba habari: umegusa nota gani, kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, umeachilia saa ngapi. Ni kama weita wa kibanda akipiga kelele "chapo mbili madondo": oda imefika jikoni, chakula bado. Kompyuta lazima iwe na ala yake ya kupika hiyo oda. Lugha yenyewe ilitoka 1983, na wazee wake wawili, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland kule Japani, walipewa Grammy ya kiufundi 2013. Kinanda zingine za juzi, kama Yamaha PSR-E373, USB yao inabeba sauti pia, stirio, biti 16. Soma kitabu ya kinanda yako kabla ukimbie kununua kitu.

Ushauri wangu ni urekodi zote mbili pamoja. Sauti kwa treki moja, MIDI kwa ingine. Sauti ndio inabeba roho ya ile kinanda, ile brasi ya plastiki na stringi zenye watu wanazijua kutoka kanisani, na hakuna programu itakurudishia hiyo sawasawa. MIDI inakuokoa siku umegusa nota moja vibaya kwa tekei yenye ilikuwa moto: unaisogeza tu. Ukirekodi sauti, skiza kinanda moja kwa moja kutoka kwa intafesi na uzime monita ya programu, la sivyo utaskia kila nota mara mbili. Ukichapia ala za ndani ya kompyuta, weka bafa karibu sampuli 128, hapo kuchelewa kwake ni kama milisekunde tatu na vidole havitalalamika. Kwa Windows tumia draiva ya ASIO.

Kabla uanze, washa metronomu na uandike tempo kwa jina la faili. Wacha sekunde mbili za kimya mwanzo, na mwisho usiguse stop hadi pedi ife yenyewe. Usizime rekodi ukikosea, endelea. Mara nyingi ile kitu tamu hutokea dakika moja baada ya kosa, ukiwa umewacha kuogopa. Dakika moja ya stirio kwa biti 16 ni kama MB 10, kwa 24 na 48,000 ni kama 17, so hata lapi ya zamani inabeba masaa.

Ukimaliza, usiamini spika za lapi, juu hazina besi ya kukuonyesha ukweli. Beba kwa flash, omba dere mnajuana aicheze kwa mathree ikiwa steji inangoja watu. Ile woofa itakuambia kama mkono wa kushoto uko, na kama mngurumo ulibaki. Alafu toa WAV. Ukitumia prodyusa kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, usiitume kama odio, juu WhatsApp itaifinya. Weka na faili ya MIDI kando, tempo, na ki yenye ulichapia, ndio akifungua kazi aanze kuchapa ngoma hapo hapo.