Waliokataa Kutoka Ghorofa ya Nne

Judith Heumann aliugua polio mwaka 1949, akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Alipofika umri wa kuanza shule huko Brooklyn, New York, mama yake alimpeleka kuandikishwa, mwalimu mkuu akakataa: kiti cha magurudumu kingekuwa hatari endapo moto ungezuka. Polio ilimnyima nguvu za miguu. Shule alinyimwa na mtu.

Alisoma hivyo hivyo, akamaliza chuo, na mwaka 1970 Bodi ya Elimu ya New York ikamnyima leseni ya ualimu kwa sababu hawezi kutembea. Akaishtaki. Jaji alikuwa Constance Baker Motley, mwanamke wa kwanza Mweusi kuteuliwa jaji wa mahakama ya shirikisho nchini Marekani, naye aliihimiza bodi ifikirie upya. Bodi ikalegeza msimamo, Heumann akaingia darasani.

Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 504 kilikataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Shule, hospitali, vyuo, usafiri wa umma, vyote viliguswa. Lakini sheria ilihitaji kanuni za utekelezaji, na kanuni zilihitaji saini ya waziri. Miaka minne ikapita. Wenye hospitali na vyuo walilalamikia gharama, na Joseph Califano, waziri wa afya, elimu na ustawi wa jamii, akasema anataka kuzipitia upya kanuni hizo.

Tarehe 5 Aprili 1977, watu wenye ulemavu waliandamana hadi ofisi za wizara hiyo katika miji kadhaa. San Francisco waliingia ndani, wakapanda ghorofa ya nne, wakakataa kutoka. Walikuwa zaidi ya mia moja: wasioona, viziwi, watu wa viti vya magurudumu, na wenzao wasio na ulemavu.

Kulala sakafuni ni usumbufu kwa yeyote. Kwa mtu asiyeweza kujigeuza usiku bila msaidizi, ni hatari ya vidonda na maradhi, na wapo walioingia bila dawa wala vifaa vyao vya kila siku. Dawa zilizohitaji ubaridi walizihifadhi kwenye sanduku walilolibandika kwenye kiyoyozi. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakazungumza na wenzao wa nje kwa lugha ya alama. Ule uzoefu wa kuishi katika dunia ambayo haikujengwa kwa ajili yao ndio uliowapa maarifa ya kustahimili, na hili halisemwi vya kutosha.

Chama cha Black Panther kiliwaletea chakula cha moto kila siku. Mmoja wa wanachama wake, Brad Lomax, alikuwa humo ndani akitumia kiti cha magurudumu, na wenzake hawakukubali alale njaa, yeye wala waliokuwa naye.

Serikali ilituma mwakilishi kuwasikiliza. Heumann, aliyekuwa mmoja wa waliokataa kutoka, alizungumza kwa sauti iliyotetemeka kwa hasira, na yule ofisa akawa anaitikia kwa kichwa kila neno. Heumann akamwambia aache kuitikia mambo asiyoyaelewa. Wenye ulemavu wengi wanaujua vizuri upole wa namna hiyo: uso wa huruma, kisha mlango ule ule unafungwa.

Tarehe 28 Aprili Califano alitia saini kanuni bila kuzipunguza makali. Kutoka hapo njia ilielekea kwenye sheria pana zaidi ya Marekani ya mwaka 1990, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kondakta anayeliondoa daladala akimwacha kituoni mwenye kiti cha magurudumu anafanya uamuzi, kama yule mwalimu mkuu wa Brooklyn. Mwajiri anayeliweka kando ombi la kazi la mtu asiyeona anafanya uamuzi pia, na huyu sheria imekwisha kumwambia afanye nini. Kinachohitajika sasa ni wakaguzi watakaokwenda kuhesabu.