Afya ya Akili Nayo Yahitaji Wafadhili

Hakuna timu ya mpira Visiwani inayoona haya kubisha hodi kwenye kampuni kuomba jezi na nauli. Kampuni nazo hutoa, tena hadharani. Lakini jumuiya changa zinazotaka kuwasaidia wenye maradhi ya akili zikipeleka barua zao, ni nadra kupata jibu la kutia moyo. Sababu twaijua: ni vigumu kampuni kutaka jina lake liandikwe kando ya ugonjwa ambao watu wangali wakiuita wazimu, shetani au hasadi. Twaona wakati umefika wa kuiacha fikra hiyo.

Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, imeubeba mzigo huu kwa miaka mingi. Mgonjwa wa Pemba anayepelekwa huko hana budi kuvuka bahari, pamoja na jamaa wa kumwangalia. Serikali ina wajibu wake, nao hauondoki. Lakini wengi hufika hospitali maradhi yakisha kukomaa. Kinachotakiwa ni msaada wa mapema, karibu na nyumbani.

Ndugu zetu wa Zimbabwe wamethibitisha kwamba msaada huo hauhitaji majumba makubwa. Mwaka 2005 Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyekosa dola 15 za nauli ya basi kwendea hospitali. Mwaka 2006 akaanza kazi na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Bibi hao walifunzwa kumsikiliza mtu na kumwongoza atafute ufumbuzi wa shida zake, wakikaa naye kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliosaidiwa hivyo walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Makampuni yasidhani kuwa hii ni sadaka tupu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea duniani kila mwaka kwa sababu ya sonona na maradhi ya wasiwasi. Mahoteli, meli, mabenki na kampuni za simu zimewaajiri watoto wetu. Hasara hiyo ni yao pia.

Hata hivyo, ufadhili una adabu zake. Kwanza, uwe wa miaka, si wa siku ya kupiga picha. Mshauri aliyefunzwa leo akikosa posho kesho ataondoka, na aliyeanza kumwamini atabaki peke yake. Pili, siri ya mgonjwa isiuzwe: sura yake isitundikwe kwenye tangazo, wala mwajiri asipewe majina ya wafanyakazi waliokwenda kuomba msaada. Tatu, jumuiya nazo zitoe hesabu zilizokaguliwa, na zimfikishe hospitali kila anayehitaji daktari.

Wizara ya Afya yaweza kulirahisisha jambo hili kwa kuyajulisha makampuni ni jumuiya zipi zimetimiza viwango vya mafunzo. Hapo hakuna mkurugenzi atakayesema hajui ampe nani.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kampuni iliyoweza kuivisha timu nzima haishindwi kuweka benchi moja nje ya zahanati ya kijiji, na kumlipa posho atakayekaa juu yake.