Taa ya ABS ikiwaka, usikubali ichomolewe

Jumamosi moja tulikuwa tunatoka Igoma kurudi nyumbani, watoto wamekaa siti ya nyuma, mara taa ya njano yenye herufi ABS ikawaka kwenye dashibodi. Gari lilienda vizuri na breki zilishika kama kawaida. Fundi wa kwanza aliitazama, akacheka.

"Mama, hii isikuumize kichwa. Naichomoa tu hiyo taa, unipe elfu kumi."

Nilikataa, na ningependa kila familia yenye gari ijue kwa nini.

ABS huzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu. Sensa hupima kasi ya kila gurudumu. Moja likitaka kusimama ghafla, mfumo hulegeza breki yake na kuikaza tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Ndiyo maana pedali hutetemeka mguuni. Huo si ubovu. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, usukani unakutii. Kwa Mwanza yetu ya vilima, barabara ikiwa imelowa na bodaboda akakukatiza mbele, hapo ndipo unapoweza kumkwepa.

Taa hiyo ikibaki inawaka, kwa kawaida maana yake ni kwamba ABS imejizima, ila breki za kawaida zipo. Nenda taratibu, acha nafasi kubwa mbele yako, upeleke gari kwa fundi. Lakini ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, au pedali ikizama, simama mahali salama na usiendelee na safari. Huenda mafuta ya breki yamevuja.

Fundi makini huanza na mafuta ya breki na fyuzi, kisha hupima kwa kompyuta. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kompyuta ikitaja sensa ya mbele kushoto, haina maana kwamba sensa imekufa. Inasema tu kwamba taarifa za upande huo hazifiki au haziko sawa. Huenda waya umekatika, soketi imeingia maji, sensa imejaa tope, pete yake ya meno imepasuka au beringi imelegea. Kwa hiyo mwombe apige jeki, afuate waya kwa mkono na kusafisha sensa kabla ya kukutuma dukani. Halafu gari liendeshwe huku kompyuta ikionyesha kasi ya magurudumu yote manne. Mkiwa mnaenda moja kwa moja, lile lisilolingana na wenzake ndilo la kuchunguzwa.

Kwetu, waya ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake, ukasuguliwa na tairi hadi shaba ikaonekana. Fundi wa pili aliuunganisha, akaufunika maji yasiingie, akaurudisha mahali pake, kisha tukaenda kulijaribu gari barabarani. Taa ilizima yenyewe. Sensa mpya hatukununua.

Na wewe unayetafuta gari la mtumba, washa swichi bila kuwasha injini. Kama gari lina ABS, taa yake iwake, kisha izime baada ya sekunde chache au injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, usifurahi. Huenda mwenye gari alikutana na fundi wangu wa kwanza, akakubali.